Nani Kasema Watu wa Majengo Hawasomi?

Kuna usemi unaorudiwa kila panapofanyika mkutano wa elimu, na wanasiasa nao wameupenda: ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liweke kitabuni. Msemaji hucheka, wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali, na mjadala unaishia hapo. Mimi naukataa usemi huo. Naukataa zaidi ninapousikia hapa Songea, ukisemwa juu ya watu wa Majengo, kwa sababu ni uongo, tena uongo wenye faida kwa wanaousema. Ukishaamini kwamba watu hawataki vitabu, huna tena wajibu wa kuwapelekea.

Wazee wanaukumbuka ushahidi. Miaka michache baada ya uhuru, karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Akina mama wakatoka shambani jioni, wakaenda kukaa kwenye madawati ya watoto wao na kushika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Kufikia 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa chini ya watu 10 katika kila 100. Taifa lisilopenda kusoma halifanyi hivyo. Na waliojifunza wakasoma kweli: riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakabanduka, na katuni za Sani ziligombewa na nyumba nzima. Huku kwetu, Wabenediktini wa Peramiho walichapa vitabu, pamoja na jarida la Mwenge.

Na leo? Mfuatilie mkulima wa ufuta au soya anayeuza kwa stakabadhi ghalani, uone anavyosoma bei za mnada neno kwa neno. Waangalie vijana wa bodaboda mbele ya meza ya magazeti, au shabiki wa Wanalizombe anapotafuta habari za timu yake. Kuna akina mama wanaofuata hadithi za mfululizo kwenye simu hadi usiku wa manane. Hawa wote wanasoma. Kinachokosekana ni kitabu kinachowahusu, kwa lugha wanayoimudu, mahali wanapokaribishwa.

Hapo ndipo panaponiuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita vya Majimaji. Masimulizi ya Ungoni yaliandikwa na O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, na kitabu chao kikatoka 1969, kwa Kiingereza. Padri Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ndefu ya Wangoni. Nayo nimeijua kwa Kiingereza. Joseph Mbele, mzaliwa wa Litembo, Umatengoni, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu Marekani, alikusanya hadithi za kwao na kuzitoa 1999 katika kitabu cha Matengo Folktales. Hicho pia ni cha Kiingereza. Siwalaumu waandishi hawa hata kidogo, maana bila wao mengi yangezikwa pamoja na wazee. Lakini tazama tulipofika: bibi aliyehamia Majengo kutoka Mbinga, aliyezisikia hadithi hizo kando ya moto akiwa mtoto, hawezi kumsomea mjukuu wake kitabu cha hadithi za kwao. Halafu tunasema bibi huyo hana utamaduni wa kusoma!

Imani nyingine inayotuharibia ni kwamba maktaba ni ya mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, na utamaduni mahali pake ni uwanja wa ngoma. Kila Februari Songea hukumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Watu hufurika Makumbusho ya Majimaji, ngoma zinalia, hotuba zinatolewa. Nayapenda maadhimisho hayo kwa moyo wote. Lakini kwa nini sherehe ya kusoma isiwe sehemu yake? Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963 ili kuuhudumia umma, na umma si kidato cha nne peke yake. Mzee aje maktaba asimulie kwa Kingoni, kijana asome simulizi hiyohiyo kwa Kiswahili, Mmatengo afuate, kisha Myao, Mndendeule na Mnyasa. Watoto wasikilize, waulize, waondoke na kitabu cha kuazima.

Wapo watakaoshtuka: huo si ukabila? Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa umoja wetu ulijengwa kwa jasho. Lakini isomeni historia yenyewe. Wangoni ni watu waliotoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba mwaka 1835, na kila walikopita wakawachukua wengine, mpaka hapa wakachanganyika na Wandendeule, Wamatengo na Wabena. Mtoto anayeyasoma haya atajua kwamba jirani yake wa Majengo ana damu moja naye. Ukabila hulelewa na kutojuana, na sherehe ya namna hii inawakutanisha watu.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa kumbukizi za Februari, wasimamizi wa maktaba ya mkoa, na halmashauri yetu ya manispaa: tafuteni fedha na idhini za wenye haki, mfasirishe kwa Kiswahili kitabu cha Mapunda na Mpangara na kile cha hadithi za Kimatengo, mviweke wazi siku ya kumbukizi, na milango ya maktaba iwe wazi kwa wenye vitenge na kanzu kama ilivyo kwa wenye sare. Nanyi wazazi wa Majengo, msingoje mwaliko. Nendeni mkaulize vitabu hivyo viko wapi.