Mwenye Nyonga Mpya Asidhani Amepoa

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo yamfaa kila mgonjwa anayerudi nyumbani Mandera baada ya kupasuliwa nyonga.

Nyonga iliyolika inaweza kubadilishwa yote. Pia daktari anaweza kukichonga kichwa cha mfupa wa paja na kukivisha kofia ya chuma bila kukikata. Njia hii ya pili huhifadhi mfupa, lakini ina matata yake.

Hatari ya kwanza ni damu kuganda mguuni, na kukaa kitako kwa saa nyingi huiongeza. Anayepasuliwa Nairobi ana yapata kilomita 1,000 za kurudi Mandera. Kwa hivyo, asipande basi kabla ya kumwuliza daktari siku ya kusafiri na dawa za kuzuia damu isiganda. Njiani anywe maji, na Garissa na Wajir ateremke anyooshe miguu. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, msimkande wala kumchua! Mpelekeni hospitali. Akishikwa ghafla na kifua na pumzi kumpaa, msingoje hata kupambazuke.

Nyumbani kuna mkeka na choo cha kuchuchumaa. Nyonga mpya ikikunjwa mno yaweza kuteguka, hasa iliyobadilishwa yote. Mtafutieni kiti kirefu, na cha chooni kikatwe tundu. Swala nayo isiwe kikwazo, kwa maana dini humruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi kitini.

Aliyevishwa kofia ya chuma ana hatari nyingine: shingo ya mfupa huweza kuvunjika, hasa miezi ya kwanza. Maumivu makali ya kinena yanayozuka ghafla ni ishara ya kutopuuzwa. Homa, au kidonda kinachotoa usaha, huonyesha kuwa vijidudu vimeingia.

Kuna na tatizo linalokuja polepole. Chuma kikisuguana na chuma, chembechembe za kobalti na kromiamu huingia mwilini na kuharibu nyama iliyo karibu. Mnamo Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliondoa sokoni duniani kote nyonga zake za aina ya ASR kwa sababu nyingi zilikuwa zikiharibika mapema. Mwaka 2015 kampuni ya Smith & Nephew ilishauri kofia zake za Birmingham zisitumiwe tena kwa wanawake.

Basi, mama, kabla hujatoka hospitali omba uandikiwe jina na nambari ya chuma ulichowekewa. Karatasi hiyo itunze pamoja na kitambulisho chako. Maumivu yakirudi hata baada ya miaka mitano, usiseme ni uzee. Ipeleke karatasi kwa daktari, naye aamue kama utapigwa picha au utapimwa madini hayo katika damu.