Nduthi kuukuu ioshe kwa mkono, si kwa presha

Kijana wa boda, hiyo Boxer yako ya zamani usiipeleke kila jioni kupigwa maji ya presha. Itang'aa, sawa, lakini maji hayo hupenya hadi kwenye beringi za magurudumu na nyaya za umeme, kutu ikaanza ndani usikoona.

Subiri injini ipoe. Chukua ndoo, sabuni na kitambaa. Cheni isugue kwa brashi na mafuta taa, ikauke, kisha uipake oili. Ila breki zisiguswe na mafuta kamwe.

Mkono ukipita kila mahali, utagundua spoki iliyolegea au oili inayovuja. Huo si urembo, msee, ni ukaguzi. Abiria wako hana namna ya kujua hayo. Wewe unayo.