Mabenchi Yaliyo Ghalani

Ndugu zangu Waanglikana, tuseme kweli: tumekuwa wazito wa kupokea. Waumini waliohamia pembezoni mwa mji huanza kusali chini ya mwembe, au katika darasa waliloazimwa kwa Jumapili, na badala ya kupelekewa katekista hupelekewa swali: sadaka yenu inaingia wapi? Swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu katika kikao cha wazee wa kanisa, kabla yeyote hajauliza kama wale watu wana meza ya kuwekea mkate na kikombe.

Wakishakubaliwa, huja sharti la pili: wasali kama sisi. Aliyelelewa Masasi au Magila, kwa wamisionari wa shirika la UMCA, amezoea ubani, kengele na ishara ya msalaba. Aliyelelewa Mpwapwa au Dodoma, kwa wamisionari wa shirika la CMS, amezoea ibada isiyo na mapambo na mahubiri marefu. Wakikutana kitongoji kimoja cha Dar es Salaam, huyu humshuku yule kuwa si Mwanglikana kamili.

Ugomvi huu umetutangulia. Mwaka 1913, kule Kikuyu nchini Kenya, maaskofu wa Uganda na Mombasa, wa upande wa CMS, walikaa pamoja na wamisionari wa madhehebu mengine ya Kiprotestanti kutafuta ushirikiano, wakahitimisha kwa Ushirika Mtakatifu. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, wa upande wa UMCA, akawashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Weston alikuwa mtu wa imani ya kweli, nami simbezi. Lakini watoto wa pande zile zile mbili ndio waliokuja kuwa Jimbo moja la Tanzania mwaka 1970, chini ya Askofu Mkuu John Sepeku. Dayosisi ziliingia na desturi zake. Kama zingengoja kwanza zifanane, hadi leo tusingekuwa na Jimbo. Basi tunawadai nini wale wa mwembeni ambacho hata baba zetu hawakudaiana?

Jumapili moja nilisali nao. Mama mmoja alitandika kanga yake juu ya dawati, ikawa kitambaa cha altare. Wakati wa baraka, wengine walifanya ishara ya msalaba, wengine waliinamisha vichwa tu. Wote walikuwa wamepiga magoti vumbini, wazee kwa vijana.

Kanisa mama lina mabenchi ya zamani, yamerundikwa ghalani tangu tuliponunua mapya. Wazee wenzangu, gari la kuyabeba lipatikane kabla ya Jumapili ijayo.