Marufuku ya Kitabu Haimlindi Kijana

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilitolewa mwaka 1971, kisha ikapigwa marufuku shuleni kwa madai kwamba ingewapotosha vijana. Waliotoa amri hiyo yaelekea hawakumtazama vema Zakaria, baba yake Rosa. Mzee huyo, mlevi asiyeijali nyumba yake, alimpiga bintiye kwa sababu ya barua tu ya mvulana. Alikataza, hakufundisha. Rosa alipofika mbali na fimbo ya baba, hakuwa na mazoea yoyote ya kujiongoza, akaangamia. Basi kuwaficha wanafunzi kisa hicho kulikuwa ni kuirudia kazi ya Zakaria, safari hii kwa mhuri wa serikali.

Amri yenyewe haikudumu. Baadaye riwaya hiyohiyo ilifundishwa katika shule za sekondari, wala taifa halikubomoka. Hata hivyo, Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni. Huenda baadhi yake havifai kwa umri fulani. Lakini anayestahili kulipima hilo kwanza ni mwalimu aliyekisoma kitabu chote, na anayewajua wanafunzi wake kwa majina.