Mahindi na Majirani Zake

Ukisafiri kutoka Bungoma kwenda Kitale, nchini Kenya, majira mahindi yanapotoa mbelewele, hutakosa kumsikia msafiri mwenzio akilisifu shamba fulani kuwa ni safi. Na usafi anaoukusudia, aghalabu, ni kuwa halina mmea ila mahindi, na ardhi baina ya mistari i tupu kama ua lililofagiwa.

Sifa hiyo ina asili yake. Kitale ndiko ilikotoka, mwaka 1964, mbegu chotara H611, ambayo pamoja na baraka zake ilituzoeza, pasipo mtu kukusudia, kudhani kuwa zao moja ni ustaarabu, ilhali mama zetu waliochanganya mahindi na maharagwe na maboga wakahesabiwa washamba (neno la ajabu kumtukania mkulima!). Lakini shamba tupu ni karamu isiyo na bawabu, na bungua, yaani viwavi watoboao bua kwa ndani, hawahitaji mwaliko.

Dawa waliyoileta ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoiasisi Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wakishirikiana na wataalamu wa Rothamsted ya Uingereza na wa kituo cha utafiti cha Kitale, iliingia mashamba ya Trans Nzoia mwaka 1997 kwa jina la vuta-sukuma: baina ya mistari hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humkirihi nondo, mzazi wa bungua, ajapo usiku kutaga, na kandokando hupandwa nyasi ya nepia, ambayo humvuta kuliko mahindi, akataga huko, na viwavi wake wakianza kutoboa hunaswa na utomvu, wakafa wengi wao kabla ya kupevuka. Sijaona hila ya sataranji iliyo njema kuliko hiyo.

Bungoma, ambako kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi, ni nakama kubwa kuliko bungua, desmodiamu ina fadhila ya pili. Mbegu za kiduha, ndogo mithili ya vumbi, hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa kunyonya. Basi mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za kuziamsha na nyingine za kuzizuia zisiushike mzizi wa mahindi, zikaota bure na kufa kwa njaa. Juu ya hayo desmodiamu hurutubisha udongo, na ng'ombe huila.

Hata hivyo majirani wawili hawatoshi, kwani nepia yenyewe, ienezwayo kwa vipandikizi, shina moja likizaa mengine yaliyo sawasawa nalo, imepatwa huko huko Bungoma na maradhi ya kudumaa, wenye ng'ombe wakapungukiwa na malisho, na baadhi ya wakulima sasa hupanda nyasi ya brakiaria mahali pake.

Limebaki suala la mbegu ya desmodiamu kumfikia mkulima, na njia ipo: mfuko wa mbolea wa kilo 50 hutolewa kwa ruzuku katika maghala ya bodi ya nafaka, NCPB, kwa bei iliyotangazwa mwaka 2023 ya shilingi 2,500. Kwa rai yangu, Wizara ya Kilimo ingeiweka mbegu ya desmodiamu katika ghala lilo hilo, kwa ruzuku ile ile, kabla ya mvua za Machi, ili mkulima wa Bungoma asilazimike kwenda kuomba vipando uani kwa mwenziwe.