Ukimwandikia ajenti uongo, atauamini

Niwieni radhi kwa ukimya wa wiki mbili. Sikuwa safarini. Nilikuwa papa hapa Makongeni, Thika, nikiandika upya ukurasa mmoja wa maelezo. Ndiyo, ukurasa mmoja! Ngojeni niwaeleze.

Nina mteja Ruiru, mzee anayeuza vipuri vya magari. Nilimtengenezea roboti ya kununua na kuuza dhahabu kwenye MetaTrader 5. Kwa wasiofahamu, roboti hizi huandikwa kwa MQL5, lugha inayofanana na C++. Msimbo hukaa kwenye faili la .mq5, kisha programu iitwayo MetaEditor huukompaili na kutoa faili la .ex5. Hilo la pili ndilo linalofanya biashara.

Siku hizi kazi kubwa ya kuandika msimbo namwachia ajenti wa akili mnemba. Yeye hana macho ya kutazama dirisha wala kidole cha kubofya, kwa hiyo nilimwandikia skripti inayoiita MetaEditor kwa amri, halafu inanakili .ex5 mpya hadi kwenye seva. Maelezo yake niliyaandika usiku, nikisinzia. Mstari mmoja ulisema: "Ikirudisha 0, kazi imefaulu."

Hiyo ndiyo desturi ya programu nyingi. Mimi sikupima, nilidhani tu.

Siku moja mzee aliona roboti inafungua loti 0.10 badala ya 0.01. Hiyo nukta si mchezo. Loti 1 ya dhahabu ni aunsi 100. Bei ikienda kinyume kwa dola 10, mwenye loti 0.01 anapoteza dola 10, mwenye 0.10 anapoteza dola 100. Nikasimamisha roboti, nikamwagiza ajenti arekebishe. Akarekebisha, akaendesha skripti, akapata 0, akaniandikia kwamba kila kitu ki tayari. Nikaiwasha tena.

Kumbe kulikuwa na mabano ambayo hayakufungwa. Kukompaili kulishindwa, na MetaEditor, kama nilivyokuja kupima mwenyewe, hurudisha 0 inaposhindwa na 1 inapofaulu. Hakukuwa na faili jipya la kunakili. Roboti ya zamani ikaendelea na loti zake za zamani, na bei ikashuka.

Nilipanda matatu hadi Ruiru kumwona mzee. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana, si uliniambia imetengenezwa?" Afadhali angefoka. Hela zile alikuwa ameziweka za kuongeza bidhaa dukani.

Ajenti hakunidanganya. Alisoma nilichoandika, akakiamini. Mwanafunzi wa kazi angeniuliza, "Bosi, una uhakika na hiki?" Ajenti hakuuliza, na mimi sikuwa nimemwandikia sababu ya kutilia shaka.

Na msidhani ni sisi wadogo tu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 ndani ya dakika 45 hivi. Toleo jipya la programu yao halikufika kwenye seva moja kati ya 8, na msimbo wa zamani uliokuwa umelala humo ukaamka. Ugonjwa ni uleule: watu waliamini toleo jipya ndilo linalofanya kazi.

Kuna wanaosema maelezo hayana haja, ajenti ataisoma skripti mwenyewe. Sikubaliani nao. Skripti inaonyesha amri inayotolewa. Haionyeshi tabia ya programu inayoitwa. Wengine wanasema tungoje ajenti werevu zaidi. Dereva hodari akipewa ramani ya uongo, hupotea upesi zaidi.

Ukurasa wangu mpya una mambo manne. Kwanza, usiitegemee namba inayorudi. Soma faili la kumbukumbu, ambalo limeandikwa kwa UTF-16 (ukilisoma kama UTF-8 utaona takataka), na utafute idadi ya makosa. Pili, linganisha saa ya .ex5 na saa ya .mq5, ikiwa.ex5 ni la zamani, simama. Tatu, kukompaili si kupima: msimbo wenye loti 0.10 hukompailika vizuri kabisa. Endesha kwanza kwenye akaunti ya majaribio. Nne, akaunti yenye hela za mtu usiiguse. Mwite mwenye kazi.

Nilipokuwa nikiandika la kwanza nikagundua kitu. Kama chombo kinahitaji onyo namna hiyo, basi chombo chenyewe kina kasoro. Nikairekebisha skripti isome kumbukumbu yenyewe, irudishe 0 ikifaulu na ikatae kabisa kunakili ikishindwa. Maelezo ya kweli yalinionyesha ubovu wa kazi yangu.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ina kanuni za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni tangu 2017, lakini hakuna kanuni itakayokuja kunisomea maelezo yangu. Hiyo ni kazi yangu, na yako pia ndugu msomaji unayeandika roboti. Pima kwanza, ndipo uandike.

Mzee namlipa kidogo kidogo. Roboti bado imezimwa. Yeye ndiye atakayesema iwashwe lini.

Haya, tuonane wiki ijayo, stima ikiwepo.