Sinema Hii Ije Buzwagi

Wako watu wasemao kwamba sinema ni mchezo wa kupotezea wakati. Sisi hatukubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 marehemu Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, alicheza katika sinema ya Kiswahili, "Muhogo Mchungu". Wakati ule picha zilizungushwa kwa magari hata vijijini, ili watu wacheke na wajifunze.

Leo twataka kusema habari za sinema nyingine, "White Shadow", iliyotengenezwa hapa Tanzania na kuongozwa na Noaz Deshe. Yahusu kijana mwenye ualbino aitwaye Alias, aliyechezwa na Hamisi Bazili. Baba yake anauawa, na mama anampeleka mjini kwa mjomba wake Kosmos, dereva wa lori. Huyo amechezwa na James Gayo, mchoraji wa katuni za Kingo. Kijana anauza miwani na simu barabarani, na mtazamaji anakaa roho juu: katika wote hawa wanaomzunguka, nani atamwuza?

Mwaka 2013 sinema hiyo ilipata tuzo ya filamu ya kwanza iliyo bora katika tamasha la Venice, Italia. Wako walioisifu, wako walioona ukatili umezidi. Lakini kwao hofu ile ilikwisha taa zilipowashwa. Kwa watu wa Shinyanga na Geita haikuwa hivyo. Mwaka 2009, mwaka ule ule mgodi wa Buzwagi ulipoanza kutoa dhahabu, Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Waganga waongo walikuwa wakihubiri kwamba kiungo cha binadamu huleta utajiri. Utajiri gani huo? Dhahabu ya Buzwagi ilitolewa kwa mitambo na jasho, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 2021. Haikutolewa kwa damu ya mtoto.

Wako wanaonung'unika kwamba picha kama hii yatuaibisha mbele ya wageni. Sisi twasema aibu ni tendo lenyewe, si picha ya tendo. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, na ilifanya vema; lakini amri peke yake haiingii moyoni mwa mtu.

Kwa hiyo yafaa sinema hii ioneshwe Buzwagi, Kahama, Kakola na Nyarugusu, katika vibanda umiza ambamo wachimbaji hukaa jioni. Wazungu wa Venice walisoma tafsiri chini ya picha. Wachimbaji wetu hawaihitaji, maana Alias na mjomba wake wanasema Kiswahili. Picha ikiisha, viongozi wa kijiji wasimame na watu wazungumze palepale.

Mtazamaji wa Venice aliuliza nani atamwuza kijana yule. Mtazamaji wa Buzwagi na ajiulize: mnunuzi akibisha hodi kwangu usiku, nitamjibu nini?